Marehemu Hatoki Leo

Siku hiyo baba yake Kasuku alitakiwa awe amekufa kufikia mchana, lakini kiuno kilimkatalia kutoka kitandani. Alikuwa ameinama kuokota kandambili, akasikia kitu kinakwama mgongoni, na tangu hapo hakuweza kuinuka wala kulala. Akabaki ameegemea kiwiko ukingoni mwa kitanda, akimlaani yeyote aliyebuni kandambili. Mkewe alimkanda kwa maji ya moto, hakusogea. Alimpaka dawa ya kuchua mpaka chumba kizima kikawasha macho, bado hakusogea.

"Mzee, jaribu basi," Kasuku alisema huku akifunga vifungo vya shati la kampuni. "Mpaka kwa kinyozi tu. Nitakushika mkono."

"Nimejaribu."

"Jaribu tena. Wageni wakimaliza kula wanakuja moja kwa moja hapa."

"Basi waambie marehemu anaumwa," baba akasema, akaangua kicheko, na kicheko chenyewe kikamchoma kiunoni akapiga ukelele.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na beseni mkononi. Hakucheka. Katika jambo hili hakuwahi kucheka hata mara moja.

Kasuku lilikuwa jina la utani, na aliyempa hakumwonea. Mdomo wake haukujua likizo. Alikuwa kibarua wa kampuni inayowatembeza watu kisiwani kwa siku moja: asubuhi mikoko, kisha pango la popo, kisha wasuka kamba, halafu mwisho kabisa "nyumba ya mwenyeji", wageni waone watu wa kisiwa wanavyoishi. Nyumba hiyo ya mwenyeji ilikuwa hii hii ya kwao. Kampuni ililipa kidogo kwa kila ziara, na kidogo hicho ndicho kilichobadilisha mabati yaliyotoboka.

Sasa, katika siku zake za mwanzo, Kasuku aliwahi kupata wageni waliochoka, kila mmoja macho kwenye simu yake. Mmoja wao, kwa adabu tu, akauliza mashine iliyokuwa barazani ni ya nani. Ilikuwa injini ya boti, kuukuu. Kasuku akasema ni ya baba, fundi wa injini. Mgeni akauliza, na baba yuko wapi? Baba alikuwa kwa kinyozi anacheza drafti. Kasuku alifungua kinywa aseme hivyo hivyo, na kilichotoka ni hiki: "Bahari ilimchukua." Mpaka leo hajui maneno hayo yalitoka wapi. Simu zote zilishuka. Mama mmoja akashika kifua. Kasuku akaendelea kusimulia, na alipomaliza hapakuwa na jicho kavu barazani, na bosi aliletewa sifa ambazo hakuwahi kuletewa.

Baba aliposikia alicheka mpaka akakohoa. "Kama kifo changu kinawapa ugali, nife mara ngapi?" Kuanzia hapo, kila siku ya ziara alivaa shati safi akaenda kufia kwa kinyozi. Mtaa nao haukukawia. Marehemu, umeamkaje? Marehemu, zamu yako ya kuzoa taka. Marehemu, utakuja harusini? Mama peke yake ndiye aliyesema kifo hakitaniwi, lakini alisema mara moja, akanyamaza, na kila wageni walipofika aliketi barazani akawa mjane.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa kina Kasuku mambo yalikuja kinyumenyume: walikuwa na kifo, na maradhi ndiyo yaliyotaka kuwaumbua. Tena yalichagua siku. Leo bosi mwenyewe, mama mmoja aliyeitwa Madamu na wafanyakazi wote hata nyuma ya mgongo wake, alikuwa anafuatana na ziara kumtazama Kasuku kazini. Akiridhika, kibarua kinakwisha, Kasuku anaajiriwa kuwa mkuu wa waongozaji. Akishindwa, nafasi inakwenda kwa mwenzake.

"Mama, mfungie chumbani," Kasuku akanong'ona akivaa kitambulisho shingoni. "Washa redio. Akilalamika, ongeza sauti."

"Baba yako si mbuzi," mama akasema. Lakini alikwenda kuitafuta redio.

* * *

Wageni walikuwa wauguzi wastaafu kutoka bara, akina mama watupu, wenye viatu vya kutembelea na sauti za kuamrisha wagonjwa. Waliposhuka gatini mmoja wao, mwenye kilemba cha buluu, alimjia Kasuku mikono wazi.

"Kasuku! Unanikumbuka?"

"Mama, nitakusahauje!" akasema Kasuku, ambaye hakumkumbuka hata kidogo.

"Mwaka jana nilikuja na kundi hili hili. Ulituambia habari za baba yako. Nililia mwanangu, mpaka wenzangu wakaona haya kukaa karibu na mimi." Akamshika mkono asimwachie. "Mume wangu alikuwa hajatimiza hata miezi miwili kaburini. Wenzangu walinileta kwa nguvu, eti nipunge upepo. Basi safari hii nimekuja kwa miguu yangu. Nina ombi moja tu. Nataka nilifagie kaburi la baba yako."

"Kaburi?"

"Ulisema liko nyuma ya jiko."

Kwa kawaida bahari ilimchukua baba na haikumrudisha. Lakini simulizi ikitembea sana huota matawi, na kumbe siku hiyo, kwa kunogewa, alikuwa amemtoa baharini akamzika nyumbani.

"Ndiyo," akasema. "Nyuma ya jiko."

Madamu alikuwa amesimama hapo hapo, miwani ya jua usoni. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Wageni wanaorudi ndio biashara yenyewe.

Kwenye mikoko walipita juu ya njia ya mbao, mmoja nyuma ya mwingine. Maji yalikuwa yamekupwa na tope linang'aa. Hapa ndipo Kasuku alipokuwa akiringa siku zote, maana mikoko aliipenda kwa dhati: alipenda kuwaonyesha watu mizizi inayochungulia juu ya tope kuvuta pumzi, na kaa wanaopanda mashina maji yakija. Leo akili ilikuwa kwingine.

"Kaa hawa, mama zangu, huvuta pumzi kwa mizizi," akasema.

"Kaa wana mizizi?" akauliza muuguzi mmoja.

"Mikoko, nilisema mikoko. Mikoko hupanda juu maji yakija."

Wakacheka, wakadhani ni mzaha. Madamu hakucheka. Kasuku akajifanya anatafuta ndege, akasogea kando, akapiga simu nyumbani.

"Amesogea?"

"Amesogea," akajibu mama. "Alikuwa upande wa kushoto, sasa yuko upande wa kulia, na ndiyo mwisho. Amekataa redio, anasema nyimbo za siku hizi zinamzidishia."

"Mama, kuna jambo. Wageni wanataka kuona kaburi."

"Kaburi la nani?"

"La baba."

Kasuku alisikia sauti ya baba kwa mbali ikiuliza ni nani huyo, na kama ni Kasuku amletee gazeti.

"Mwanangu," mama akasema, "mimi nimekaa barazani kwangu nikawa mjane wa mume aliye hai kwa sababu wewe ni mwanangu. Hilo la kaburi siliwezi. Ulimuua mwenyewe, mzike mwenyewe." Akakata simu.

* * *

Kasuku akaanza kuvuta siku. Pangoni, pahali ambapo huwa watu wanaingia, wanaziba pua, wanatoka, aliwaonyesha popo mpaka popo wenyewe wakachoka kutazamwa. Kwa wasuka kamba aliwaomba wenyeji wamfundishe kila mgeni kusokota makumbi ya nazi, mmoja mmoja, na asiyeweza arudie. Chakula cha mchana nacho alikirefusha kwa hadithi. Hatimaye Madamu akamwita pembeni.

"Kasuku, una nini leo? Kamba tulizosokota zinatosha kutunyonga wote. Twende nyumbani kwenu."

"Sawa, Madamu. Nilitaka wafaidi tu."

"Wamefaidi. Kazi ni yako, usiiharibu mkiani."

Njiani kuelekea nyumbani mwenye kilemba cha buluu alitembea naye bega kwa bega. Hakuwa na haraka ya kusema, na aliposema alisema polepole, anatazama njia.

"Unajua kilichonirudisha si kile kilio. Kulia ningelia kokote. Ni mama yako. Alipokuwa anatumiminia chai, mwenzangu mmoja akajikwaa, akakaa juu ya sinia la vikombe. Mama yako akacheka. Alicheka mpaka akaweka birika chini. Mimi nikamtazama, nikasema moyoni, huyu mwanamke mumewe amechukuliwa na bahari na bado ana kicheko kama hiki. Kumbe inawezekana. Nilirudi nyumbani nikawaambia wanangu, nipeni muda, na mimi nitacheka. Siku nyingi sana, Kasuku, nimeamka kwa kicheko cha mama yako."

Kasuku alifungua kinywa. Hapo angeweza kusema. Njia ilikuwa tupu, Madamu yuko nyuma anaongea na simu, na maneno yenyewe hayakuwa mengi. Akakifunga. Kwa mara ya kwanza mtu mwenye jina lile alikosa la kusema, na mama wa watu akadhani ni uchungu, akampapasa mgongo. Hakuna kipigo ambacho kingemuumiza kama mkono ule.

* * *

Redio ambayo mzee alikuwa ameikataa ilisikika tangu kwenye kona ya mtaa; mama alikuwa amemshinda. Jirani aliyekuwa akianika nguo alishangaa kuona ziara inakuja na hajamwona mzee akipita kwenda kwa kinyozi. "Kasuku, Marehemu vipi leo?" akauliza kwa sauti. "Sijamwona akitoka!"

"Anazungumzia nini?" akauliza Madamu.

"Ni jina la paka," Kasuku akasema, akaongeza mwendo.

Mama alikuwa amepanga viti barazani na chai iko tayari. Alisimama kuwapokea, akamkumbatia kila mmoja, na alipofika kwa mwenye kilemba cha buluu yule mgeni hakumwachia. Alimshika mabega akamtazama usoni kama anayetafuta kitu alichokiacha hapo.

"Dada yangu, hunijui," akasema. "Lakini mimi nakujua sana." Akamweleza pale pale, wamesimama, habari za mumewe, na habari ya kicheko. Ndani redio ilikuwa ikitangaza bei za sabuni. "Kaburi nitalifagia baadaye. Kwanza nataka kukuuliza wewe, maana hakuna mwingine wa kumuuliza. Upande wake wa kitanda, uliuzoeaje? Mimi mpaka leo nalala pembeni, kama mtu aliyeazimwa godoro. Wewe ulifanyaje?"

Mama alimtazama Kasuku. Hakumtazama kwa hasira, na wala hakumwomba amwokoe. Alimtazama kama anayeuliza: mwanangu, hata hili? Na Kasuku akajua kwamba angejibu. Angetunga kitu, kwa ajili yake, akamdanganya mjane wa kweli mbele ya macho yake, na baada ya hapo asingekuwa mama yule yule.

"Mama, usijibu," Kasuku akasema.

Wote wakamgeukia.

"Baba hajafa. Hakuna kaburi nyuma ya jiko, kuna pipa la maji. Baba yuko chumbani, anaumwa kiuno. Niliwadanganya. Nimewadanganya wageni wote, tangu mwanzo." Alisema haraka, kama mtu anayetapika. "Mama hana kosa. Kosa ni langu peke yangu."

Madamu akavua miwani. Mwenye kilemba cha buluu alibaki vile vile, mikono mabegani mwa mama.

"Yu hai?"

"Yu hai, dada yangu," mama akasema kwa sauti ndogo. "Nisamehe."

Mikono ikashuka. "Kwa hiyo ulipokuwa unacheka," akasema yule mgeni, "ulipokuwa unacheka siku ile, mumeo alikuwa wapi?"

"Kwa kinyozi."

"Kwa kinyozi! Mimi nimeuning'iniza moyo wangu kwenye kicheko hicho mwaka mzima! Wanangu wananiambia mama kula, nasema nitakula, mbona yule wa kisiwani anakula. Kumbe wa kisiwani jioni anarudiwa na mumewe amenyolewa ndevu!"

Ndipo redio ikazimwa huko ndani, na sauti ikapenya ukutani, kubwa kuliko ilivyohitajika:

"Jamani, ni kweli! Sijafa! Msimpige mtoto!"

Muuguzi mmoja akacheka bila kupenda, akajiziba mdomo. Mwenye kilemba cha buluu hakucheka. Aliingia ndani bila kukaribishwa, akafuata sauti, na wengine wakamfuata mpaka mlango wa chumba ukajaa vichwa.

Mzee alikuwa amejikunja ukingoni mwa kitanda, mkono mmoja ndani ya shati na mwingine umebaki nje, maana alikuwa anajaribu kuvaa ili akutane na watu kiheshima. Akamtazama mgeni, aibu tupu.

"Dada, mimi ndiye niliyecheka mara ya kwanza," akasema. "Ningemkataza siku ile ile yasingefika huku. Mlaumu mkubwa."

Mwenye kilemba akamtazama. Kisha, kwa mazoea ya miaka mingi wodini, mikono ikatangulia kabla ya moyo kukubali. "Shemeji, umelalaje hivyo? Nani amekuweka hivyo? Geuka kifudifudi."

"Siwezi."

"Utaweza. Leteni mto. Dada, shika magoti yake."

Wakamgeuza, wake wawili wa wanaume wawili, mmoja kashika magoti na mwingine kakandamiza kiuno kwa viganja. Hasira yote ilikuwa imehamia mikononi, na mzee aliipata sawasawa. Alilia, aliomba radhi, aliita marehemu wa kwao wote. Baadaye mikono ikapungua nguvu, ikabaki inapapasa tu. Machozi yalikuwa yakimdondoka yule mama juu ya mgongo wa mume wa mwenzake, na mke mwenye mume akamfuta kwa upindo wa nguo yake.

Madamu alimwita Kasuku ukumbini. "Kitambulisho," akasema.

Kasuku akakivua shingoni, akampa.

"Nafasi ile nampa mwenzako. Wewe Jumatatu uje gatini, utapokea mizigo ya wageni. Utapokea umenyamaza. Nikikusikia unamsimulia mtu hata habari za begi lake, usirudi." Alitia kitambulisho mkobani. Halafu akaongeza, akitazama pembeni, "Ulichosema pale barazani ulikuwa na hiari ya kutokisema. Nimekiona hicho pia."

"Kasuku!" ikaita sauti ya mwenye kilemba cha buluu kutoka chumbani. "Njoo hapa!"

Akaja, akasimama miguuni mwa kitanda kama mwanafunzi aliyeitwa mbele. Baba alikuwa amelala chali sasa, ananyooka, anatazama paa.

"Shemeji," yule mama alimuuliza mzee, "yale anayotuambia kuhusu wewe, umewahi kuyasikia?"

"Nitayasikia wapi? Huwa nimekufa."

"Basi adhabu yako ndiyo hii, Kasuku. Uliyotuambia sisi, mwambie yeye. Vile vile. Usipunguze."

Kasuku akacheka kidogo, akitafuta pa kutorokea. Mama akaketi kitandani upande wake, akakunja mikono. Akina mama walisimama mlangoni, wanangoja.

"Huwa naanzia kwenye injini," akasema.

"Anzia hapo."

"Huwa nasema baba yangu akiletewa injini mbovu haigusi kwanza. Anailazia sikio, kama mtu anayesikiliza kifua cha mtoto. Nasema... nasema alinifundisha kuogelea kwa kidole kimoja chini ya kidevu, na siku alipokitoa sikujua." Baba alikuwa ameacha kutazama paa, anamtazama yeye. "Nasema hajawahi kunipiga. Nilipofeli shule alinichukua kazini, akanipa spana, akasema shika hii nikufundishe kitu kingine. Hakuniuliza nimepata ngapi."

"Hayo yote ni kweli," baba akasema taratibu.

"Halafu nasema kulikuwa na siku ya dhoruba. Boti ilikuwa imezimikiwa na injini nje ya mwamba, ina watu ndani. Wakaja kumwita. Mama akamshika shati, akasema usiende. Akaenda. Mimi nilikuwa mdogo. Nikakimbia mpaka ufukweni, nikasimama kwenye mvua namngoja. Giza likaingia. Watu wakaniambia nenda nyumbani, nikakataa. Nikangoja."

Mdomo ulikuwa wazi lakini hakikutoka kitu. Siku zote mahali hapa alijua la kusema, yalikuwa maneno mawili tu, na wageni hulia.

"Endelea," baba akasema.

Kasuku akatikisa kichwa.

"Uliningoja. Nakumbuka. Ulikuwa umelowa chapachapa, meno yanagongana, na hukutaka nikubebe. Ulinishika mguu tu, ukanishika mpaka nyumbani. Tulitembea kama mtu mmoja mwenye miguu mitatu." Mzee akanyoosha mkono, ukafika kwenye goti la mwanawe. "Sikujua kama hukuwahi kutoka pale ufukweni. Malizia, mwanangu. Nini kilitokea?"

Mjane alikuwa ameegemea ukuta, kilemba kimelegea, analia wazi bila kujificha, na alikuwa akimwitikia Kasuku kwa kichwa: sema.

"Akarudi," Kasuku akasema. "Baba akarudi."